Je, kipimo cha damu kinaweza kuthibitisha ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini?

Dada, umeuliza kama CRP ya juu aliyoandikiwa mumeo maabara inathibitisha kwamba ana ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini, kwa kuwa anakoroma na wewe mwenyewe humsikia akinyamaza kimya, kisha akashtuka akitweta. Mimi ninao ugonjwa huo na ninalala na mashine ya CPAP, inayosukuma hewa ili koo lisizibe. Jibu langu ni hapana, na hayo unayoyasikia usiku yana uzito kuliko karatasi ile.

CRP ni protini inayotengenezwa na ini mwili unapopambana na maambukizi au madhara mengine ya ndani. Ni kweli kwamba wengi wetu huwa nayo juu kidogo, kwa sababu kila koo linapoziba oksijeni hushuka kisha hupanda tena, na msukosuko huo wa usiku kucha huongeza kemikali kama interlukini-6, ambayo ndiyo inayolichochea ini. Lakini mafuta ya tumboni nayo hutoa interlukini-6 hiyo hiyo, na wengi wetu ni wanene; malaria au jipu la jino pia huipandisha. CRP yangu haikushuka hata baada ya kuizoea mashine, wala daktari hakushangaa, kwani uzito wangu ulikuwa ule ule.

Namba ambayo daktari wangu aliitazama kwa makini ni bikaboneti, kemikali ya damu inayopunguza asidi, ambayo wagonjwa hatuiulizii kabisa. Mtu asiyepumua vya kutosha hubakiwa na kaboni dioksaidi, damu ikaelekea kwenye asidi, na figo huisawazisha kwa kuzuia bikaboneti isipotee kwenye mkojo. Kwa mtu mnene sana anayekoroma, ikifika milimoli 27 kwa lita au zaidi, daktari hushuku kwamba upumuaji wake ni hafifu hata mchana akiwa macho, hali iliyo nzito kuliko kukatika pumzi usiku peke yake, na huenda akaagiza kipimo cha gesi za damu kinachochukuliwa kwenye ateri ya kifundo cha mkono (kinauma, nisikufiche). Kama mumeo anameza dawa za presha zinazoongeza mkojo, azitaje, maana baadhi yake hupandisha bikaboneti.

Hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, nayo inaweza kupanda kwa kukosa oksijeni, ingawa kwa kawaida ni kidogo tu, na sisi tunaoishi Arusha, mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, tunayo sababu nyingine. Sukari ya miezi mitatu (HbA1c) ipimwe, kwa kuwa kisukari huandamana mara nyingi na ugonjwa huu. Mwenye seli mundu amwambie daktari mapema, kwani kipimo hicho cha sukari kinaweza kumpa jibu la uongo.

Kinachothibitisha ni kipimo cha usingizi, kinachohesabu ni mara ngapi kwa saa pumzi hukatika au kufifia kwa sekunde 10 au zaidi: kuanzia 5 ugonjwa ni mwepesi, kuanzia 15 ni wa kati, na kuanzia 30 ni mkali. Kabla ya kwenda, mrekodi kwa simu akiwa amelala, umpime shingo kwa futi ya fundi cherehani, kwa sababu mzunguko unaozidi sentimita 40 ni mojawapo ya maswali ya STOP-Bang, dodoso la kukisia nani huenda ana ugonjwa huu, kisha uandamane naye hadi chumba cha daktari, kwani yeye mwenyewe hajawahi kujisikia akikoroma.