Mkoba wa zana hujazwa na kazi

Nikisikia mtu anataka kununua lile sanduku la zana lililojaa tayari, vipande mia na zaidi kwa mpigo mmoja, namwomba asubiri kwanza. Mimi nililinunua nilipohamia Malindi, hapa Unguja. Spana nyingi za humo sikuwahi kuzigusa, bisibisi niliyoihitaji haikuwemo, na masika yalipokwisha vyuma vyote vilikuwa vimeota kutu. Nyumba yetu iko hatua chache tu na bahari, na hewa ya chumvi haibishi hodi.

Mkoba nilionao sasa umejazwa na kazi. Kitu kimeharibika, nimekitengeneza au nimekaa nikamwangalia fundi akikitengeneza, ndipo nikaenda sokoni Darajani kununua kile kilichotumika. Imechukua miaka, lakini hamna kitu humo ambacho sijui kinafanya nini.

Wenyewe ni wa turubai, kanishonea fundi wa maturubai Mwanakwerekwe. Nilimwomba mifuko minne ndani na mkanda mpana wa begani. Sanduku la chuma sikulirudia, maana hukaa na unyevu wake ndani kama chungu kilichofunikwa.

Anza na bisibisi. Ya nyota namba 2 ndiyo itakayofanya kazi nyingi za nyumba. Namba 1 ni ya skrubu ndogo, kama za rimoti na redio. Bapa moja inatosha. Ukiingiza namba 1 kwenye skrubu ya namba 2, ncha inazunguka peke yake, kichwa kinalika, na skrubu hiyo tena haitoki kwa urahisi. Za simu ni seti mbali, ndogo, na iPhone chini kabisa ina skrubu za pembe 5 ambazo bisibisi ya kawaida haizifungui. Kisha tia plaisi, tepu ya kupimia, kisu, tepu nyeusi ya umeme, tepu nyeupe ya mfereji pamoja na wosha mbili tatu, na tochi ya kuvaa kichwani ili mikono yote miwili ibaki na kazi.

Tia na sumaku ndogo. Yangu niliitoa kwenye spika mbovu. Ukienda kununua skrubu au bawaba za shaba, ziguse kwanza: shaba haishikwi na sumaku. Ikinasa, ujue ni chuma kilichopakwa rangi, na karibu na bahari rangi hiyo haiendi mbali.

Sasa multimita, kile kipimo cha umeme chenye ncha mbili za waya. Hiyo ndiyo zana ninayoipenda kuliko zote, na ya bei nafuu inatosha kuanzia. Siku moja umeme ulirudi kwa kishindo baada ya kukatika, na ruta ya intaneti ikawa haiwaki. Dukani nikaambiwa imekufa, ninunue mpya. Nilirudi nayo nyumbani nikapima adapta yake. Imeandikwa volti 12. Multimita ikasoma sifuri. Nikaazima adapta ya aina ileile kwa jirani, volti sawa, ampea sawa, chanya katikati ya tundu kama ile ya kwanza, na taa zikawaka zote. Ruta ile naitumia mpaka leo.

Ila ijue kabla hujaipeleka kwenye soketi. Umeme wetu ni volti 230, kwa hiyo kitufe kiwe upande wa volti zenye alama ya wimbi, juu ya kiwango hicho. Ncha nyekundu isiwe kwenye tundu la ampea 10; ukipima soketi hali iko pale, umezigonganisha nyaya mbili mkononi mwako. Na kabla ya kuamini kwamba waya hauna umeme, pima kwanza soketi unayojua inao, upime ule waya, kisha urudi tena kwenye ile soketi. Hata bisibisi ya tesita, ile inayowaka kitaa ikigusa umeme, ifanyie hivyohivyo, maana kitaa chake kikiwa kibovu hukupa jibu lilelile la waya usio na umeme.

Tahadhari hii nilianza kuipata kwa ami yangu, wakati ule Unguja nzima ilipokosa umeme tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Nilikuwa nafungua soketi ya ukumbini, nimeshazoea giza. Akasimama mlangoni akaniuliza, "Mwanangu, umeme umeuzima, au umezimika?" Nikamjibu, "Umezimika, ami, wiki ya ngapi sasa!" Hakusema kitu. Akaenda kwenye swichi kuu, akaishusha, ndipo akaniambia niendelee. Magharibi mwenye nyumba akawasha jenereta lake, na jenereta lile lilikuwa limeungwa kwenye nyaya zilezile. Tangu siku hiyo sifungui soketi mpaka nimeshusha swichi kuu kwa mkono wangu.

Weka pia fyuzi chache za plagi: ampea 13 kwa pasi na birika, ampea 3 kwa taa na redio. Nimeshafungua plagi nikakuta fyuzi imeviringishwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Tafadhali usifanye hivyo. Fyuzi inayoungua imekuokolea nyumba.

Solda, yaani chuma cha moto cha kuungia nyaya, na waya wa risasi unaoyeyushwa nacho nilivinunua mwisho, nilipochoka kupeleka kwa fundi waya wa spika uliochomoka. Fungua dirisha ukichoma, na nawa mikono kabla ya kula.

Kila Ijumaa asubuhi naumwaga mkoba juu ya gazeti. Napitisha kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani kwenye vyuma, nakagua waya wa multimita kama haujachubuka, narudisha. Vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya sivitupi, navitia kwenye mifuko ya ndani vinyonye unyevu.

Majirani wataazima, na huwezi kumnyima jirani. Nina bisibisi na plaisi za pili kwa ajili yao. Multimita tu ndiyo siitoi: wakiniita, naenda nayo mwenyewe, na kabla ya kuufungua mkoba nauliza swichi kuu iko wapi.