Kamba ya mafundi wa minara haifai kwenye waya wa mlimani

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Sisi ni marafiki wanne wa hapa Dar es Salaam. Mwezi wa Agosti tunakwenda Ujerumani kwa mwenzetu anayesoma Munich, na tumepanga kupanda mlima Zugspitze kwa njia ya Höllental, ile yenye ngazi, barafu na waya wa chuma. Sote tumeshafika kilele cha Meru. Kariakoo nimepata mikanda ya kujifunga ya mafundi wa minara ya simu, pamoja na kamba yake ya mikono miwili yenye kulabu kubwa na kile kipakiti cha kupunguza mshtuko. Muuzaji anasema inabeba tani mbili. Mwenzetu mmoja ameona video inayosema tepe mbili za kupandia (mikanda ya kitambaa kigumu) na karabina mbili (vifungo vya chuma vyenye mlango wa springi) zinatosha kabisa. Mimi nina kilo 78, dada mmoja kati yetu ana kilo 52. Tununue kipi? (Msomaji, Sinza)

JIBU: Marahaba. Msinunue hata kimoja. Seti ya via ferrata (kamba ya mikono miwili yenye karabina na kipunguza mshtuko, iliyoundwa kwa njia za waya), kofia ngumu na kramponi (meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu) mtavikodi Garmisch-Partenkirchen, mji ulio chini ya mlima huohuo. Jibu lenu kwa ufupi ni hilo. Lakini hiyo "inabeba tani mbili" siwezi kuiacha ipite, maana kila anayeuliza kuhusu kamba anakuja nayo, na wauzaji hawachoki kuirudia.

Tani mbili ni uzito uliotulia. Mtu anayeanguka hajatulia. Kinachoamua ni mambo mawili: ameanguka umbali gani, na amesimamishwa ndani ya umbali gani. Daladala ikifunga breki mapema kabla ya taa za barabarani, abiria wanayumba tu. Ikigonga ukuta kwa mwendo uleule, habari ni nyingine, ingawa abiria ni walewale na uzito wao ni uleule.

Chukua kilo zako 78. Waya wa mlimani umeshikiliwa na vigingi vya chuma vilivyochimbiwa mwambani, mara nyingi kila baada ya mita 3 hadi 5. Katikati ya vigingi karabina yako inateleza bila kuzuiwa na kitu. Ukiponyoka karibu na kigingi cha juu, hakuna kinachokushika mpaka karabina igonge kigingi cha chini, kisha urefu wa kamba yako nao unajumlishwa. Mita 4 za waya na mita 1 ya kamba: umeshaanguka mita 5. Tepe ya kupandia karibu haivutiki. Ikikusimamisha ndani ya sentimita 10, nguvu ya wastani inafika kilonyutoni 39, sawa na uzito wa tani 4 hivi. Tepe yenyewe imeandikwa 22. Itakatika. Na hata isingekatika, kwenye vifaa vya kupandia kilonyutoni 12 ndizo huchukuliwa kuwa mpaka wa mwili wa binadamu.

Anguko hilohilo likipokewa na kipunguza mshtuko kinachofumuka nyuzi zake kwa mita 1 na sentimita 20, wastani unashuka hadi kilonyutoni 4 hivi. Hapo ndipo mtu anapona.

Wanaorekodi hizo video wengi wamezoea kupanda kwa kamba ndefu, ambako anguko baya kabisa haliwezi kuzidi mara mbili ya urefu wa kamba iliyotoka. Kwenye waya, mita 5 juu ya kamba ya mita 1 ni mara tano. Ujuzi wa kule hauhamishiki huku, na kumfundisha mtu asiyejua kwamba unahamishika ni kumtuma akafe.

Sasa hiyo kamba ya mafundi. Si kifaa kibaya. Ni kifaa cha kazi nyingine. Kiwango chake cha Ulaya ni EN 355: urefu usiozidi mita 2, majaribio ya kilo 100, anguko la mita 4. Fundi wa mnara anafunga kulabu kwenye chuma kisichoteleza, kwa hiyo mita 4 zinamtosha. Wewe ukiwa na mita 4 za waya na kamba ya mita 2 unaanguka mita 6. Kipakiti kinaweza kufumuka chote kabla hujasimama, na kuanzia hapo umebaki na mkanda mtupu usiovutika. Kulabu nazo hazikuundwa kugonga kigingi zikiwa zimelala upande. Mikanda mingi ya mafundi ina pete ya mgongoni. Ukining'inia mgongoni huufikii mwamba wala ngazi.

Kwenye seti ya kukodi tafuta maandishi EN 958, kiwango cha Ulaya cha seti hizi, na mwaka 2017. Toleo hilo linapimwa kwa watu wa kilo 40 hadi 120, na kwa mwepesi wa kilo 40 nguvu hairuhusiwi kuzidi kilonyutoni 3.5. Seti za zamani zilipangwa kwa mtu mzito zaidi, na dada yenu wa kilo 52 ndiye angeumia. Karabina ziwe na herufi K ndani ya duara. Kipakiti kiwe hakijafumuka hata kidogo.

Mkifika kwenye kigingi, hamisha karabina moja, ifunge upande wa pili, ndipo uhamishe nyingine. Kati ya vigingi viwili awepo mtu mmoja tu, kwa sababu wa juu akianguka anamkumba wa chini. Kosa linalofanywa hata na wazoefu ni hili: karabina usiyoitumia usiifunge kwenye kitanzi kikuu cha mkanda. Ukifanya hivyo nguvu inapita kwenye mkono huo moja kwa moja hadi mwilini, na kipunguza mshtuko kinarukwa kabisa.

Hata seti sahihi haikupi ruhusa ya kuanguka. Njiani kuna ngazi, vyuma na kingo za mwamba, na utavigonga kabla kamba haijakaza. Kifaa kinazuia kifo, mguu kinauacha uvunjike. Höllental ina sehemu za kupanda kwa mikono na miguu bila waya wowote, na huko seti haina kazi. Mwezi wa Agosti mpasuko kati ya barafu ya Höllentalferner na mwamba huwa umepanuka, na kuuvuka ili kuufikia waya huweza kuwa ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Msipite pale bila kramponi, na kama hakuna kati yenu aliyewahi kutembea juu ya barafu ya mlima, chukueni kiongozi wa mlima mwenye leseni.

Meru ina mita 4,566 na Zugspitze 2,962, kwa hiyo hewa huenda isiwasumbue sana. Miguu itasumbuka: kutoka Hammersbach, kijiji cha kuanzia, ni kupanda karibu mita 2,200 kwa siku moja. Anzeni alfajiri, maana radi za kiangazi huja mchana, na waya wa chuma mwambani si mahali pa kukutwa nazo. Kushuka kuna gari la waya. Ulizeni mapema saa ya safari ya mwisho.

Na ninyi mnaofunga mabango na kupaka rangi maghorofa hapa mjini, haya yanawahusu pia. Nawaona mmejifunga tepe isiyo na kipunguza mshtuko, mmeifunga usawa wa miguu, kwa sababu muuzaji aliwatajia tani. Mwambieni awaonyeshe lebo: kiwango, mwaka wa kutengenezwa, na uzito wa mtumiaji. Lebo ikiwa imekatwa au imefutika, mrudishieni. Na kamba iliyokwisha kumsimamisha mtu hata mara moja haitumiki tena. Ikateni vipande kabla ya kuitupa, ili asiiokote mtu akaiuza upya.