Timu inakabia juu, haina "presha ya juu"

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Makete, ambako barafu tunayoijua ni sakitu ya Juni na Julai. Kijana wangu amenionyesha kwenye simu hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada. Wachezaji wanamfuata mwenye kisahani, kile wanachokigombania badala ya mpira, hadi nyuma ya goli lake. Kijana anasema huko ni "kufanya presha ya juu". Ni sahihi?

JIBU: Marahaba. Si sahihi, na mwambie aache leo hii.

Presha ya juu ni ugonjwa. Ingia zahanati yoyote kuanzia Tunduma hadi Makambako, useme una presha ya juu, uone kama hutafungwa kile kitambaa cha kupimia mkononi. Juzi nilikuwa kwenye banda la chai Mwanjelwa, vijana wanatazama mpira, mtangazaji akapaza sauti: "Kocha ameamua kufanya presha ya juu!" Mama aliyekuwa akigeuza maandazi akasimamisha mwiko. "Masikini, kocha anaumwa?" Vijana wakacheka. Mimi sikucheka, maana mama ndiye aliyekuwa sahihi. Alisikia Kiswahili, wao walisikia Kiingereza kilichovishwa kanga.

Neno presha lenyewe sigombani nalo. Limeshakuwa letu, libaki hospitalini. Kinachonikera kila siku ni hilo "kufanya". Siku hizi hatuamui, tunafanya maamuzi. Hatusafishi, tunafanya usafi. Hatukabi, tunafanya ukabaji! Lugha yenye vitenzi vinavyonyumbulika namna hii tunaifunga kamba miguuni kama kuku wa mnadani.

Chukua kaba. Asili yake ni kubana koo, ndiyo maana shati dogo linakukaba shingoni. Wanasoka wakalichukua, nalo likazaa: beki anakaba, wachezaji wanakabana, kuna mkabaji, na kuna mshambuliaji hatari ambaye hakabiki. Ongeza kiambishi cha kutendea, unapata mahali: kama mtu anavyofia safarini, ndivyo timu inavyokabia juu. Kukabia juu! Maneno mawili, na mashabiki wa Uwanja wa Sokoine wanayaelewa bila kufafanuliwa. Presha itazaa nini? Kupreshia? Mpreshaji?

Basi kwenye hoki sema hivyohivyo. Ukimwacha kipa, kila timu ina wachezaji watano barafuni. Katika mfumo wa 2-1-2, wawili wanakabia juu, wa tatu anaziba katikati, na mabeki wawili wanalinda mstari wa bluu, mpaka wa eneo wanaloshambulia, ili kisahani kisitoke humo. Umeona? Hakuna aliyefanya chochote. Wamekaba, wameziba, wamelinda.

Ila usiseme kila timu inakabia juu. Ipo inayorudi katikati ya uwanja na kumsubiri mwenye kisahani aje mwenyewe. Huo ni mtego, na kitenzi chake ni kutega. New Jersey Devils, chini ya kocha Jacques Lemaire, waliutega hadi wakatwaa Kombe la Stanley, taji la ubingwa wa hoki hiyo ya Marekani na Kanada, mwaka 1995. Mtangazaji wa presha angeyaita yote mawili presha, na msikilizaji wa redio kule Makete asijue kama timu imesogea mbele au imebaki nyuma.