Kwa kocha mpya wa softiboli: anza na mipira 6 kati ya 10

Kocha mwenzangu unayeanza, najua siku ya kwanza utatamani kuwakusanya watoto na kuwaambia mwaka huu tunachukua kombe. Mimi nilisema hivyo hivyo hapa Chake Chake, Pemba. Mechi ya mwanzo tulifungwa 19 kwa 4, na wiki iliyofuata wasichana watano hawakuonekana mazoezini. Bidii walikuwa nayo. Kosa lilikuwa langu, niliwapa lengo wasilojua walishike wapi.

Usiku ule nilikaa na daftari la mechi nikahesabu. Katika zile pointi 19, 12 ziliingizwa na wapigaji waliopewa bure kituo cha kwanza, kati ya vinne wanavyozunguka kupata pointi, kwa kuwa mrushaji wetu aliwatupia mipira minne mibovu, iliyopita nje ya eneo la kupigwa. Hawakupiga kitu! Walitembea tu.

Tangu hapo lengo letu la kwanza kila msimu ni hilo moja: mrushaji apitishe mipira 6 kati ya 10 kwenye dirisha. Dirisha lenyewe ni fito mbili na kamba ya usumba. Chomeka fito ziachane sentimita 43, ndio upana wa kituo cha nyumbani, pale anaposimama mpigaji, kisha funga kamba moja usawa wa magoti ya mpigaji na nyingine usawa wa makwapa. Wadogo warushie mita 12.19, wakubwa 13.11, mkono ukitokea chini. Mwenzake akae pembeni na daftari, apige mstari kwa kila mpira uliopita katikati.

Nilikuwa na msichana wa miaka 13 aliyeanza na 2. Mpira aliuachia mkono ukiwa umeshapita nyonga, kwa hiyo kila mara ulipaa juu ya kamba. Tulirekebisha hapo tu, pa kuuachia, basi. Wiki tatu alibaki kwenye 3 na 4. Siku aliyopata 6 alilinyakua daftari akakimbia nalo hadi kwa mama yake, aliyekuwa akimsubiri chini ya mwembe.

Kwenye udakaji jiandae na jambo moja. Watoto wetu wengi wamekulia kwenye rede, mchezo wa kukwepa mpira, wana mkono mzuri na macho mepesi, lakini mwili umezoea kukwepa. Softiboli inataka mtoto asimame mbele ya mpira unaomjia. Usimkaripie akiruka pembeni. Mpe mipira ya tenisi kwanza, mikono mitupu, karibu karibu, mpaka hofu imtoke, ndipo umvishe glavu. Kurusha kutoka kituo hadi kituo, mita 18.29, kutakuja baadaye.

Ratiba nayo uipange na kalenda ya hapa kwetu. Baada ya skuli kuna chuoni, yaani madrasa, kwa hiyo muda wako ni kati ya alasiri na magharibi, na wazazi wataka watoto wafike nyumbani kabla ya adhana. Masika, Machi hadi Mei, uwanja hujaa maji. Karafuu zikikomaa nusu ya timu iko mashambani. Ukipanga lengo kubwa liangukie miezi hiyo, unawaonea. Ramadhani sisi hufanya mazoezi mepesi tu. Na kabla ya yote nenda nyumba kwa nyumba, zungumza na wazee kuhusu mavazi: suruali ndefu, fulana ya mikono mirefu, mtandio uliobanwa vizuri. Mzazi aliyeulizwa mapema ndiye atakayekuja kutazama mechi.

Msimu wa pili tulikutana tena na timu ile ile. Walitufunga 9 kwa 7, lakini waliopewa kituo bure walikuwa watatu tu. Wasichana walilisoma daftari wenyewe, wakanifuata kuomba siku moja zaidi ya mazoezi. Nikaongeza Jumamosi.