ALT iliyopanda na nitrofurantoini ya kila usiku

Daktari, umeuliza uandike nini kwenye faili la mama ambaye ALT yake (kimeng'enya cha ini kinachopimwa kwenye damu) iko juu kwa miezi minane sasa, hepatitisi B na C hana, na kila usiku anameza antibiotiki ya nitrofurantoini kuzuia UTI (maambukizi ya njia ya mkojo). Kwanza msimamishie dawa hiyo leo, tafadhali. ANA (kipimo cha kingamwili zinazoshambulia mwili wenyewe) ikitoka chanya usikimbilie kusema kinga ya mwili ndiyo inayoshambulia ini. Nitrofurantoini huiga ugonjwa huo kabisa. Kinyama cha ini kilichokatwa kupimwa kikionyesha hepatitisi sugu hai (uvimbe wa ini wa muda mrefu unaoendelea), kwenye ICD-10 (orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa) ni K71.5, yaani iliyoletwa na dawa au sumu, si K73, hepatitisi sugu nyingine. Andika dozi, tarehe aliyoanza, aliyoacha, na jinsi ALT inavyoshuka. Na juu ya jalada, kwa wino mwekundu: ASIPEWE TENA NITROFURANTOINI.