Kabla hujanunua kadi ya Wi-Fi, chezesha kioo kwanza

Mkuu, umeuliza mambo mawili kana kwamba ni moja, ndiyo maana majibu uliyopewa yanapishana. Umesema laptopu ni ya mtumba, Core i5 ya kizazi cha tatu, Wi-Fi inakatika kila baada ya dakika chache, na mtandao wa 5 GHz wa ruta yako (masafa ya pili, mbali na yale ya kawaida ya 2.4 GHz) simu inauona lakini laptopu haiuoni. Fundi kakwambia kadi imekufa, toa 70,000, nawe unauliza kama kwa hela hiyo unaweza kuweka AX200, kadi mpya zaidi ya Intel. Usitoe hela kwanza. Kutoiona 5 GHz ni suala la kadi, hilo nakubaliana na fundi. Kukatika kunaweza kuwa jambo jingine kabisa, na ada ya somo hilo nilishailipa mimi.

Nina stesheneri ndogo hapa Tanga. Msimu wa maombi ya vyuo na mikopo, watu wanakaa foleni mpaka barazani. Laptopu ya dukani ilikuwa rika moja na yako, kampuni siitaji. Ruta iko juu ya kabati, hatua nne kutoka mezani. Unapakia cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa watu, kinafika asilimia tisini, mtandao unadondoka. Mama yake anakutazama. Unaanza upya, naye bado anakutazama.

Ndani kulikuwa na kadi ya Centrino Wireless-N 2200. Hiyo inashika 2.4 GHz peke yake, na hakuna draiva (programu inayoiendesha kadi) itakayoifundisha 5 GHz, kwa sababu redio yenyewe haimo. Nikamtuma mdogo wangu Kariakoo, akaniletea Intel 7260 iliyotumika, ya Mini PCIe (umbo la kadi na tundu la laptopu za rika hilo), shilingi 25,000. Nikafungua, nikachomeka, nikawasha. Mashine ikalia mara moja, skrini ikabaki nyeusi na maandishi meupe: kadi ya mtandao iliyochomekwa haijaidhinishwa, zima uitoe. Haikusogea hapo hata nilipozima na kuwasha mara tano.

Hapo ndipo nilipojifunza habari ya orodha. Laptopu nyingi za ofisi za miaka ile BIOS yake (programu ya ndani inayoiamsha mashine kabla ya Windows) inabeba orodha ya kadi zinazokubalika, na kadi isiyomo haipiti mlangoni hata kama ni nzima na inatoshea vizuri. Sababu inayotajwa ni kwamba kibali cha mawimbi hutolewa kwa kadi na antena zikiwa pamoja. Sawa, lakini wewe uliyenunua mtumba inakuumiza tu. Hata ukipata kadi ya modeli ileile, ikiwa ilitengenezwa kwa ajili ya kampuni nyingine ya laptopu inaweza kukataliwa, kwa kuwa namba ya utambulisho iliyomo ndani ni tofauti. Kinachosaidia ni kutafuta kitabu cha matengenezo cha modeli yako kwenye tovuti ya mtengenezaji, kusoma namba za vipuri vya kadi za Wi-Fi, kisha kutafuta kadi yenye stika ya namba hiyo. Wapo wanaobadilisha BIOS yenyewe ili kuiondoa orodha. Mimi sikuthubutu, na mashine inayokulisha sikushauri uifanyie majaribio ya hivyo.

Mdogo wangu akairudisha ile, akaongeza hela kidogo, akaja na Centrino Advanced-N 6205 yenye stika sahihi. Ikapita. 5 GHz ikaonekana. Nikafurahi siku moja.

Kesho yake mambo yakawa yaleyale. Inakatika, inarudi, inakatika. Nikaondoa draiva nikaweka upya, nikabadilisha chaneli za ruta, nikaanza hata kuulaumu mtandao wa mtaa mzima. Kilichonifungua macho ni amri moja tu. Fungua ule ukurasa mweusi wa cmd uandike:

netsh wlan show interfaces

Soma mstari wa Signal, halafu Receive rate na Transmit rate. Mimi, hatua nne kutoka kwenye ruta, nilikuwa napata asilimia 38. Simu yangu mezani hapohapo ilikuwa imejaa vijiti vyote. Nikairudia amri huku nikisogeza kioo cha laptopu. Nikikisimamisha wima, 70 na ushee. Nikikilaza nyuma kama ninavyokaa siku zote, inashuka mpaka thelathini na kitu. Kadi haina habari na kioo umekilaza vipi. Waya wa antena ndio unaojua.

Watu wengi hudhani antena iko karibu na kadi. Haiko. Kwenye laptopu za namna hii antena zimekaa ndani ya fremu ya kioo, juu au pembeni, na nyaya zake nyembamba zinashuka kupitia bawaba, zinapita chini ya kibodi mpaka kwenye kadi. Kila unapofungua na kufunga kioo, nyaya hizo zinapindwa. Na yangu miezi michache kabla ilikuwa imebadilishwa bawaba moja. Aliyeifunga aliupitisha waya mweusi, ambao kwangu ndio wa antena kuu, nje ya njia yake, bawaba ikawa inaubana kila siku mpaka ukapasuka ganda. Kadi ilikuwa inasikia kwa sikio moja, na hilo moja ni lile la antena ya msaada.

Jirani yangu fundi redio alitaka kuuunga kwa risasi na selotepu kama waya wa spika. Nikamkatalia. Huu ni waya wa namna ya ule wa antena ya televisheni, una kiini katikati na wavu umeuzunguka, ila wote ni mwembamba kama uzi wa kushonea magunia. Ukiuunga kienyeji, mawimbi yanapotelea pale kwenye kiungio. Nilinunua antena nzima kutoka kwenye laptopu iliyokufa, shilingi 5,000, nikapima kwanza kama urefu unatosha. Kazi ikanila mchana mzima kwa sababu lazima ufungue fremu ya kioo, na vile vishikizo vya plastiki vya miaka kumi vinakatika ukivitazama tu. Baada ya hapo Signal ikasimama kwenye 90 na zaidi, kioo kilale, kisimame. Nikakaa nikahesabu: kadi mbili, nauli za mdogo wangu, kumbe dawa ya kukatika ilikuwa 5,000.

Sasa turudi kwako. Andika na hii:

netsh wlan show drivers

Utaona jina la kadi, na mstari wa aina za redio inazozishika. Ukiona b, g na n tu, bila a wala ac, hiyo ni ya 2.4 GHz pekee, ukitaka 5 GHz utabadilisha kadi. Ukiiona a au ac na bado mtandao wa 5 GHz hauonekani, angalia ruta imekaa chaneli gani kabla ya kulaumu chochote. Hata kwenye 2.4 GHz kuna mtego: kadi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani kwa kawaida hazioni chaneli 12 na 13. Ruta ikijichagulia 13 yenyewe usiku, asubuhi unaambiwa mtandao haupo, na simu inaendelea kutamba. Ifunge kwenye 1, 6 au 11.

Kuhusu AX200: mashine yako ina tundu la Mini PCIe, na AX200 ya kawaida ni M.2 (umbo la kadi za laptopu mpya) ya milimita 22 kwa 30. Haziingiliani kabisa. Kuna vibao vya Kichina ambavyo chipu ya AX200 imewekwa kwenye umbo la Mini PCIe, na vinafanya kazi, lakini kikwazo cha kwanza ni ile orodha ya BIOS, na cha pili ni kwamba kwa upande wa Windows, draiva za Intel za AX200 ni za Windows 10 na 11 za biti 64 tu. Kama kifurushi chako cha intaneti ni Mbps 10 au 20, hutaona tofauti yoyote kati yake na 7260 ya ac, ambayo kwenye karatasi inafika Mbps 867. Hata 6205 ya Mbps 300, ukipata nusu yake kwa uhalisia, bado inaizidi intaneti yako mara kadhaa. Faida ya kweli ni kuikimbia 2.4 GHz, ambako mnasongamana na majirani, Bluetooth na jiko la maikrowevu. Lakini kumbuka 5 GHz haipendi kuta za tofali za saruji. Ruta ikiwa chumba cha tatu, 2.4 itakufaa zaidi.

Wengine wenye laptopu mpya wanaosoma hapa, ninyi mtego wenu ni tofauti. Tundu la M.2 linapokea kadi za aina mbili zinazofanana kwa macho. AX200 na AX210 ni kadi kamili. AX201 na AX211 ni nusu kadi, nusu nyingine iko ndani ya mfumo wa prosesa za Intel za vizazi fulani, kwa hiyo kwenye mashine ya AMD au ya zamani haifanyi kitu. Kati ya hizi za AX, inayoishia na sifuri ndiyo kamili. Kwa za nyuma yake kanuni hiyo haifai: 9460 na 9560 nazo ni nusu, kamili ni 9260. Wauzaji wengi hawalijui hili, na tofauti ni tarakimu moja. Na kabla ya kuagiza, fungua mfuniko uone kwa macho yako, maana nyingine kadi imechomelewa kwenye ubao na hakuna cha kubadilisha.

Ukifungua, toa chaji na betri kwanza. Kama betri ni ya ndani, chomoa soketi yake. Vichwa vya nyaya za antena ndiyo sehemu ya kutulia. Kile cha Mini PCIe kimeundwa kuchomekwa na kuchomolewa kama mara 30 tu, kwa hiyo si cha kuchezea. Kinyanyue wima kwa ukucha au kipande cha plastiki, usivute waya. Unaporudisha, kiweke sawasawa juu ya kitovu chake, usikilazimishe, kisha bonyeza kwa kidole mpaka usikie kimekubali. Kikikaa upande kitajipinda, na hapo umejitafutia kazi ya pili. Vichwa vya M.2 ni vidogo zaidi na havibadilishani na vya Mini PCIe. Piga picha kabla ya kuchomoa. Kwangu mweusi ulikuwa mkuu na mweupe msaidizi, lakini rangi hutofautiana kwa kampuni, kwa hiyo fuata picha yako. Ukifungua skrubu kadi inainuka yenyewe kwa mshazari, usishtuke, ivute kwa mshazari huohuo. Sisi wa pwani tuna la ziada: chumvi na unyevu vinafubaza meno ya kadi. Yafute taratibu kwa ufutio wa penseli, kisha pamba yenye spiriti, yaache yakauke. Nimewahi kuona kadi "iliyokufa" ikifufuka kwa hilo tu.

Kwenye Windows, nenda Device Manager, kwenye sifa za kadi, ondoa tiki ya kuruhusu kompyuta kuizima ili kuokoa umeme. Kukatika kwingi kunakotokea laptopu ikiwa imekaa kimya kunatoka hapo. Kadi ikionesha alama ya njano na kosa namba 10, zima, toa chaji na betri, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, rudisha. Inaonekana kama uganga lakini kuna umeme unaobaki kwenye saketi ukiifanya kadi ing'ang'anie hali mbovu. Ukitaka kujua ilikatika saa ngapi na kwa nini, fungua cmd kama msimamizi uandike netsh wlan show wlanreport. Itakutengenezea ukurasa wa siku tatu zilizopita.

Bluetooth ikipotea baada ya kubadilisha kadi, usidhani umeuziwa mbovu. Wi-Fi inapita kwenye njia za PCIe, Bluetooth inapita kwenye njia za USB za tundu lilelile, na laptopu nyingine za zamani hazikuunganishwa njia hizo. Kijiti cha USB cha bei rahisi kinamaliza.

Leo usiku kaa karibu na ruta, rudia amri ya kwanza ukiwa unakisogeza kioo polepole, uandike hapa namba ulizoziona pamoja na jina la kadi na modeli ya laptopu. Namba zikipanda na kushuka kufuata kioo, ukirudi kwa yule fundi mwambie akuoneshe nyaya za antena pale kwenye bawaba kabla hajataja bei.