Wadogo Zangu, Fungeni Skrini Kwanza

Kila mwaka wa kwanza wanapoingia, yanajirudia yale yale. Mtu ana slaidi zote kwenye simu, ana akili mnemba inayomjibu hata saa nane za usiku, na bado chumba cha mtihani kinamtoa jasho. Nawapenda, ndiyo maana naongea kwa ukali.

1. Acheni kupitia slaidi mara tano mkadhani mmesoma. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, watafiti wa Marekani, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi walirudia kusoma, wengine walifunga karatasi wakaandika wanachokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja walikuwa na 42, na waliojijaribu 56. Zile dakika tano ndizo zinazowaponza: unahisi kila kitu kimekaa kichwani, unakwenda kulala na amani yako.

2. Gawanyeni vipindi, leo kidogo, keshokutwa kidogo. Anki, programu ya kadi za maswali na majibu, itawapangia siku za kurudia, ila kadi tengenezeni wenyewe.

3. Akili mnemba. Hapa nisikilizeni vizuri. Kwenye kundi letu la majadiliano alikuwepo kijana mwenye bidii kweli. Kila swali la hesabu alilipiga picha, akapata jibu hatua kwa hatua, akalinakili kwa mwandiko safi. Daftari lake liliazimwa na kila mtu. Kwenye mtihani likaja swali la aina ile ile aliyoinakili wiki nzima, akashindwa kuandika hata mstari wa kwanza. Alitoka nje akaniambia, "Kaka, jibu nalijua lilivyokaa kwenye ukurasa, ila sijui linaanzia wapi." Iliniuma, maana hakuwa mvivu. Alifanya kazi nyingi, ila ile ya kukwama na kutafuta njia alimwachia mwingine.

Na hayuko peke yake. Huko Uturuki watafiti walifuatilia wanafunzi wa sekondari karibu elfu moja. Waliopewa GPT-4 ya kawaida, akili mnemba ya kampuni ya OpenAI, walifanya mazoezi ya hesabu vizuri kwa asilimia 48 zaidi. Walipofanya mtihani bila hiyo, walikuwa chini kwa asilimia 17 kuliko wenzao ambao hawakuwahi kuishika. Kundi lililopewa toleo la kutoa vidokezo bila majibu halikupata hasara hiyo kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo jaribu kwanza, hata ukikosea. Kisha iambie: usinipe jibu, nionyeshe nilipopotea. Ukishaelewa, funga, chukua karatasi tupu, lifanye tena.

4. Akili mnemba ikikutajia chanzo, kitafute na ukifungue mwenyewe. Huwa inatunga.

5. Haya mambo ya "mimi hujifunza kwa kuona tu" yaacheni. Mwanasaikolojia Pashler na wenzake walipitia tafiti mwaka 2008, hawakupata ushahidi wa kutosha wa kufundisha watu kwa mitindo hiyo.

Na kwenye majadiliano ya wiki hii, kila mmoja aje na swali alilokwama nalo, pamoja na karatasi aliyojaribia, yenye makosa yake yote.